Kuruka Nilijua, Kutua Sikujua

Nilianguka chali mara tatu kwa asubuhi moja, na mara ya tatu baba yangu alikuwa amesimama kando ya shimo la mchanga, msumeno begani, ananitazama.

Sikujua kwamba angekuwapo. Baba alikuwa seremala, na siku hiyo alikuwa ameitwa shuleni kwetu, karibu na Msambweni, kutengeneza mlango wa darasa la nne uliokuwa umeliwa na mchwa. Alisikia watoto wakishangilia nyuma ya jengo, akaja kuona kuna nini. Alichokiona ni binti yake wa miaka kumi na mitatu anakuja mbio, anaruka, anapaa vizuri kuliko wavulana wengi, kisha anafika chini kama gunia la nazi lililotupwa kutoka kwenye lori. Visigino vilichimba mchanga, kiwiliwili kikabaki nyuma, nikakaa kitako, nikalala chali, miguu ikaelekea mbinguni. Leso niliyojifunga juu ya gauni la shule ikashika njia yake.

Wavulana wa darasa la saba walicheka mpaka wakaketi. Baba hakucheka wala hakugomba. Aligeuka akarudi kwenye mlango wake, na nikasikia nyundo ikigonga kwa nguvu zaidi kuliko msumari ulivyohitaji.

Jioni aliniita barazani. Nikamwamkia, akaitika, kisha akasema maneno ambayo ninayakumbuka yote.

"Mwanangu, kuruka sikukatazi. Mwenyezi Mungu amekupa miguu. Lakini binti yangu hawezi kuanguka vile mbele ya watu wa Kwale nzima. Una majuma mawili. Ukijua kushuka kama mtu, utakwenda. Usipojua, utabaki, ataenda mwenzako."

Ili mwone uzito wa maneno hayo, lazima niwaeleze mwaka wenyewe. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya Uhuru. Kila kitu kilikuwa cha mara ya kwanza. Bendera ilikuwa mpya, wimbo ulikuwa mpya, hata chaki tuliiona nyeupe zaidi. Na kwa mara ya kwanza tuliambiwa kwamba katika michezo ya shule itakayofanyika Kwale, wasichana nao wataruka. Kila shule ipeleke msichana mmoja. Mmoja tu. Sijui kama naweza kuwafahamisha furaha iliyonipata niliposikia hivyo. Nilikuwa nimeruka mitaro, magogo na kuta za mawe tangu nijue kutembea, na kila nilipofanya hivyo niliambiwa nikae kitako kama msichana. Leo serikali yenyewe inanitaka niruke.

Tulikuwa wawili tuliotazamiwa: mimi na binti wa ami yangu, tuliyekuwa naye darasa moja na tuliyelala naye mkeka mmoja. Mimi nilimshinda kwa urefu wa mruko. Yeye alinishinda kwa adabu ya kushuka: alifika chini amesimama, akajikung'uta gauni, akaondoka kama mtu aliyeteremka ngazi.

"Wewe unaruka kama swala," aliniambia usiku ule, "halafu unashuka kama kinu."

Nilimpiga teke chini ya shuka, lakini alikuwa amesema kweli.

Tena kuanguka kwangu hakukuwa aibu tu. Kulinipunguzia umbali. Katika mruko huu mtu hupimwa kuanzia ubao wa kurukia mpaka alama ya nyuma kabisa aliyoiacha mchangani. Kama visigino vyako vimegusa mbali lakini makalio yamegusa nyuma yake, basi hupimwa makalio, visigino havihesabiwi. Kila nilipoanguka chali nilikuwa ninajinyang'anya kwa kitako kile nilichokipata kwa miguu. Kwa hiyo baba alidai jambo lile lile ambalo mchezo ulilidai, ingawa yeye hakujua na mimi sikujua.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa kijana kutoka bara, mwenye moyo mkubwa na Kiswahili cha kwake. Nilimwendea asubuhi iliyofuata nikamweleza sharti la baba. Alifikiri, akasugua kidevu.

"Wewe naruka mzuri sana," akasema, "lakini naanguka mbaya. Enda angalia chura. Chura haiangukangi mgongo. Ruka kama chura."

Sasa, kwa mtoto wa shule wa siku zile, kuambiwa uruke kama chura kulikuwa na maana moja. Ilikuwa adhabu. Ukichelewa, ukipiga kelele, ukisahau kunyoa kichwa, unachuchumaa, unashika chini kwa viganja, unarukaruka kuzunguka uwanja mpaka mapaja yawake moto. Tuliiita kichurachura. Basi darasa zima likadhani mimi nimeadhibiwa, na wengine wakauliza nimekosa nini. Nikachuchumaa, nikaweka mikono chini, nikajisukuma kwa mikono na miguu pamoja. Nilikwenda hatua moja na nusu. Binti wa ami yangu alisimama pembeni akihesabu kwa sauti kama kiranja.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na swali. Mwalimu alisema nikamwangalie chura. Hakusema nikaangalie adhabu. Je, chura mwenyewe hujisukuma kwa mikono?

Masika yalikuwa yameanza. Bondeni kwetu, mahali mama alipopanda mpunga, maji yalisimama na vyura walikuwa wengi. Nilikwenda baada ya chuo cha Kurani, nikaketi kwenye tuta. Nilikaa muda mrefu mpaka wakanizoea. Hao walikuwa vyura wembamba, pua zao zimechongoka, miguu ya nyuma mirefu ajabu, na mstari wa rangi ya majani mabichi mgongoni. Nilisogeza mguu, mmoja akaruka. Lo, jinsi alivyoruka! Mtu angesema amerushwa kwa manati.

Na kwa kweli manati ndiyo mfano wake. Nilitazama wengine kumi, ishirini, nikaanza kuona. Mguu wa nyuma wa chura umekunjwa mara tatu. Kuna paja, kuna muundi, na kuna kipande cha tatu kirefu, ambacho kwetu sisi ni kifundo kifupi tu baina ya muundi na unyayo. Anapokaa, vipande hivyo vimelaliana kama godoro lililokunjwa. Anapotaka kuruka, nyonga hufunguka, goti hufunguka, kifundo hufunguka, na vyote vimekwisha kunyooka kabla hujapepesa jicho. Na kabla hajasogea hata kidogo, mwili huonekana kujikaza, kama mpira wa manati unavyovutwa kwanza ndipo jiwe liende. Mikono haifanyi kazi kubwa. Humwinua kifua tu, ili aelekee juu, kisha hukunjwa ubavuni akaenda zake. Nilirudi mbio kumwambia binti wa ami yangu kwamba kichurachura ni uongo, chura hajisukumi kwa mikono. Akaniuliza kama hilo litapunguza adhabu. Halikupunguza.

Siku ya pili nikajaribu. Nilikimbia, nikakanyaga ubao, nikajinyoosha mzima kama yule wa bondeni, mikono ubavuni, miguu nyuma. Nilikwenda mbali. Sikuanguka chali, Alhamdulillahi. Nilianguka kifudifudi. Kidevu kilifika kwanza, kifua kikafuata, mchanga ukaingia mpaka mahali ambapo sikujua kwamba mchanga huingia.

Nilifika nyumbani kidevu kimevimba. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa ameketi jikoni anakuna nazi juu ya mbuzi. Bibi alikuwa na desturi ya kuniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu, na hakuwahi kukosa neno.

"Mke mwenzangu, umepigana na nani?"

"Sikupigana, bibi. Nilikuwa ninaruka kama chura."

"Chura gani?"

"Chura, bibi. Chura ni chura."

Aliacha kukuna. Alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba nazi na dafu ni kitu kimoja. Akaniuliza nilimwona wapi huyo chura wangu. Nikamwambia bondeni, kwenye mpunga. Akauliza huyo wa bondeni alipomaliza kuruka alifikia wapi. Nikafikiri. Alifikia majini. Mara nyingine alifikia kwenye matope. Na alifika vipi? Hapo nikakumbuka jambo nililoliona na nisilitie akilini: wengi walifika kwa tumbo. Pwaa! Walijitupa tu, kwa kuwa maji yaliwapokea.

"Basi," akasema bibi. "Yule hana haja ya kujua kutua. Anatuliwa na maji. Wewe una maji?"

Akainuka, akaenda kwenye mtungi wetu wa maji ya kunywa, uliokaa juu ya mawe matatu pembeni mwa ua. Akainamisha kichwa, akaingiza kifuu cha nazi chini yake, akatoka na chura mwingine kabisa. Mnene, mfupi wa miguu, ngozi kavu yenye vinundu, rangi ya udongo. Huyo tulimfahamu sote. Aliishi pale kwenye unyevunyevu, akala mchwa na mende, na bibi hakuruhusu mtu amfukuze. Lakini sikuwahi kumdhania kuwa ni mwalimu.

Hilo ndilo kosa langu, nami nimelikumbuka kila nilipomfundisha mtoto jambo tangu siku hiyo. Sisi tuna neno moja, chura, kwa wanyama wawili wasiofanana mwendo. Neno lilikuwa moja nikadhani mnyama ni mmoja. Mwalimu wangu alikuwa amesema kweli, mimi nikaenda kwa chura asiyekuwa wangu.

Bibi akaniambia nilete majivu. Nikachota jikoni, tukayatandaza uani, membamba kama unga kwenye ungo. Akamweka chura ukingoni, akamgusa kwa kijiti. Yule bwana aliruka mruko mfupi, wa kiungwana, usiozidi shubiri mbili. Akatua. Akakaa. Tukaenda kutazama majivu.

Nisaidieni kuiona picha hiyo, maana ndiyo iliyonifungua macho. Mwanzoni kulikuwa na alama mbili kubwa za miguu ya nyuma, vidole vitano vitano, zimechimbika. Kisha nafasi tupu. Kisha alama mbili ndogo za mikono, vidole vinne vinne, navyo havikuelekea mbele bali vilielekeana, kama mikono ya mtu anayesukuma meza kifuani pake. Na nyuma ya mikono, karibu sana, alama za miguu ya nyuma tena, nyepesi, hazikuchimba. Hakuna alama ya tumbo wala ya kidevu. Alikuwa amefika kwa mikono, mikono ikambeba, ndipo miguu ikaja kukaa chini yake polepole.

"Mrushe tena, bibi."

"Simrushi, anaruka mwenyewe. Mguse."

Tulimgusa mara nyingi, Mungu atusamehe. Nililala kifudifudi juu ya mkeka ili jicho langu liwe sawa na mgongo wake. Hapo nikaona kilichokuwa kikitokea hewani. Akiwa bado juu, kabla hajagusa kitu, mikono iliyokuwa imekunjwa kifuani ilinyooshwa mbele. Hakungoja mpaka chini ifike. Aliitayarishia. Tukamweka juu ya kizingiti ili ashuke mbali zaidi, naye akaitoa mikono mapema zaidi na kuikaza zaidi. Alijua urefu wa safari yake. Viganja vilipogusa, viwiko vilikunjika kidogokidogo, kifua kikashuka bila kugonga, na wakati huohuo miguu ya nyuma ilikuwa imekwisha kukunjwa, tayari kwa mruko mwingine.

Nilikuwa nimesisimka hata sikusikia mlango wa ua. Baba alikuwa amerudi kutoka kazini, maranda yamemganda nyweleni, amesimama juu yetu. Nilidhani atauliza kwa nini majivu yametandazwa uani na bibi kizee yuko magotini mbele ya chura. Hakuuliza. Alichuchumaa. Seremala akiona kitu kinakunjika na kukunjuka hawezi kupita.

"Mguse tena," akamwambia mama yake.

Chura akaruka. Baba akainamisha kichwa upande, akafuata kwa kidole chake hewani: nyonga, goti, kifundo.

"Bawaba tatu kwa mguu mmoja," akasema. "Na mkono una bawaba ya kupokea. Mlango ukiwa na bawaba inayokaza, ukiusukuma unavunja fremu. Bawaba ikilegea kiasi, mlango unafunga bila kelele." Akanitazama. "Magoti yako siku ile yalikuwa yamekaza kama mti."

Aliondoka akaenda kuoga. Hakusema kwamba nitakwenda Kwale. Lakini alikuwa amechuchumaa, na mimi nilihesabu hilo.

Kesho yake nikajaribu kutanguliza mikono. Nilifanya vibaya. Niliitanguliza mapema mno, nikasahau miguu, nikafika kwa viganja na magoti kama mtoto anayetambaa. Mara ya pili nikakumbuka miguu nikasahau mikono, nikarudi kwenye kuanguka chali kwangu kwa zamani. Mara ya tatu nilikumbuka vyote, lakini kila kitu kilifika kwa wakati wake, kama wageni wa arusi. Mwalimu aliniambia nisife moyo. Binti wa ami yangu, aliyekuwa na haki ya kufurahi, aliniambia yeye hana haraka ya kwenda Kwale, kwani huko kuna baridi. Sijui kama alisema kweli. Nilimpenda kwa kusema hivyo.

Nilijaribu hivyo siku baada ya siku, mpaka zikabaki nne. Jioni hiyo nilitumwa kisimani. Nilirudi na debe la maji kichwani, shingo imekaza, na nilipofika uani nikasema neno ambalo kila mwanamke wa kwetu hulisema afikapo na mzigo: "Nitue."

Ni neno dogo, lakini lina sheria nzima ndani yake. Mtu akikwambia nitue, hata kama mmenuniana, unaacha ulichoshika, unakwenda kumpokea mzigo. Kumwacha mtu na mzigo kichwani ni ukatili. Basi nilimwona bibi ameketi barazani, mikono yake mitupu, ananitazama, asiinuke.

"Nitue, bibi."

"Jitue."

Nilidhani nimekosa kitu. Nikauliza kama anaumwa.

"Siumwi. Jitue mwenyewe, tukuone."

Nilichukia, lakini ningefanya nini? Nikapeleka mikono juu, nikashika debe pande zote mbili. Nikatanua miguu kidogo. Nikaanza kukunja magoti, taratibu, kifua kikielekea mbele ili debe lisinivute nyuma. Viwiko vikakunjika. Debe likapita mbele ya uso wangu, likapita kifuani, likakaa chini. Halikumwagika tone. Nikabaki nimechuchumaa, mikono mbele yangu juu ya debe, magoti yamekunjika, uzito wote ukiwa mbele.

"Usiinuke," akasema bibi. "Kaa hivyohivyo. Umejiona? Mikono imetangulia, magoti yamelegea, mzigo wenyewe haukujua kwamba umefika. Tangu lini umekuwa ukitua debe?"

"Tangu nina miaka saba, bibi."

"Sasa mzigo ni wewe. Jitue."

Wewe unayesoma, simama kidogo ujaribu, hakuna anayekutazama. Rusha miguu yote miwili mbele, ruka hatua moja tu, na ufike huku umenyoosha mikono nyuma yako. Utahisi visigino vinakuvuta kukaa. Sasa ruka tena hatua ileile, lakini ukiwa bado hewani peleka mikono yote miwili mbele kama unayekabidhi debe kwa mtu aliyechuchumaa mbele yako, na ukigusa chini acha magoti yakunjike. Umeona? Mwili unafuata mikono. Mikono yako ina uzito, nao uzito huo ukienda mbele humvuta mwenye nao. Chura huitumia mikono kujipokea, kwa kuwa hufika nayo kwanza. Sisi hufika na miguu kwanza, lakini mikono inafanya kazi ileile: inautoa mwili nyuma na kuuleta mbele juu ya miguu. Ukikosa mara mbili tatu usijali. Mimi nilikosa zaidi, na nilikuwa na meno ya mbele ya kulinda.

Siku nzima iliyofuata nilirukia debe lisilokuwapo. Niliruka mahali nilipo kwanza, bila mbio. Kisha kwa hatua tatu. Kisha kwa mbio nusu. Mwalimu alikuwa akipiga makofi akisema, "Hiyo! Hiyo ndiyo chura!" Sikumweleza kwamba ilikuwa debe. Alasiri nilikimbia mbio zangu zote, nikakanyaga ubao, nikapaa, na kule juu, kwa mara ya kwanza maishani, nikawa na wakati. Sijui niseme vipi. Zamani kule juu palikuwa na upepo tu na kelele. Sasa palikuwa na kazi. Nikaleta miguu mbele, nikapeleka mikono mbele ya miguu, visigino vikaingia mchangani, magoti yakalegea, na nikapita juu ya visigino vyangu mwenyewe, nikabaki nimechuchumaa, viganja mchangani mbele yangu. Nyuma yangu hapakuwa na alama yoyote isipokuwa ya visigino.

Binti wa ami yangu alikuja akazunguka shimo lote akitafuta alama ya makalio. Hakuipata. Akasema, "Haya, kinu kimeota miguu."

Siku ya mwisho ya majuma mawili baba alikuja shuleni. Safari hii hakuwa na msumeno wala mlango wa kutengeneza. Alisimama palepale aliposimama siku ile. Nikaruka mara tatu mbele yake, na mara tatu nikatua nimechuchumaa, leso yangu mahali pake. Alikwenda kwenye shimo, akainama akazitazama alama kwa muda mrefu, kama anavyotazama ubao kabla ya kuupima. Kisha akamwambia mwalimu kwamba lori likiondoka siku ya michezo litupitie nyumbani, kwani yeye naye anakwenda.

Mimi na binti wa ami yangu tulikumbatiana mpaka tukaangukia mchangani, na hapo nilianguka chali, lakini haikuhesabiwa.

Lori liliondoka alfajiri. Tulipita Ukunda watu wakifungua maduka, na Kombani tukaiacha barabara kubwa tukaanza kupanda. Tuliimba njia nzima, nyimbo za shule na nyingine tulizozitunga humohumo. Kwale ilitupokea kwa ukungu, na kweli kulikuwa na baridi, binti wa ami yangu hakusema uongo. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Sijawahi kuona wasichana wengi namna ile mahali pamoja bila arusi wala matanga. Wengine walivaa viatu. Mmoja alikuwa mrefu kama mlango, nikajua mara moja kwamba ndiye wa kushindana naye.

Kila mmoja aliruka mara tatu. Mara ya kwanza nilikanyaga mbele ya ubao kwa hamu, wakainua bendera nyekundu, mruko ukapotea. Mara ya pili niliogopa ubao nikarukia nyuma yake, nikatua vizuri lakini karibu. Wazee nyuma ya kamba walianza kuzungumza mambo yao. Nilimtafuta baba kwa macho, nikamwona katikati yao. Hakuwa anazungumza.

Mara ya tatu ubao ulikuja chini ya mguu wangu kama ulioitwa. Nilipaa. Nilikwenda juu na mbali kuliko siku yoyote, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari, kwa sababu mruko ulinizidi. Nilipokuwa ninashuka nilihisi kiwiliwili kimechelewa. Nilihisi mgongo ukiuita mchanga. Mara moja nikaona kila kitu: miguu juu, leso, watu wote wale, na uso wa baba. Nikaitupa mikono mbele kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikayaachia magoti. Visigino vikagusa. Kwa muda niliouona mrefu mno sikuwa mbele wala nyuma. Nilikuwa nimeketi hewani, makalio yamebakiza upana wa kidole kimoja kuugusa mchanga. Kisha mikono ikanivuta. Nikaja mbele, nikashika chini, nikatulia.

Bendera nyeupe ikainuka. Niliondoka shimoni kwa upande wa mbele, kama tulivyofundishwa. Walipima. Yule mrefu alinishinda kwa upana wa vidole vinne. Nilikuwa wa pili Kwale nzima, na sikuweza kuacha kucheka.

Baba alipita chini ya kamba akaja nilipokuwa. Nilimwamkia kama ndiyo kwanza tunaonana. Aliitika, akaniwekea mkono kichwani, akaukalisha hapo. Kisha akamgeukia mwalimu akamuuliza kama michezo hii itakuwapo mwakani.

"Iko, mzee," akasema mwalimu. "Mwaka ingine iko, na ingine, na ingine."

"Basi mwandike tena huyu," akasema baba. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka minane mwaka ule, na siku hiyo tulikuwa tumemwacha nyumbani analia. Baba akaongeza: "Na mdogo wake naye, akifika darasa hili, mwandike."

Mwalimu akatoa daftari mfukoni, akaandika.